Toeni Mchanga wa Njano Kwenye Vitako Vyenu!

Haya jamani, leo tunaweka hifadhidata pembeni. Waliokuja kusoma sehemu ya pili ya ile makala ya kusafisha msimbo wa PHP wanivumilie, itakuja (najua, nimeahidi tangu mwezi uliopita). Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya visanamu.

Kwa wasionifahamu: nikitoka kazini, wenzangu wanapoenda kutazama mpira, mimi nakaa mezani na brashi nyembamba kama sindano, nikipaka rangi askari wenye urefu wa milimita 28. Wakikamilika tunawapanga juu ya meza kubwa, tunapima mwendo wao kwa rula, tunarusha dadu kuona nani kapigwa. Si mchezo mpya. H. G. Wells, yule wa hadithi za kisayansi, alichapisha kitabu cha kanuni zake, Little Wars, mwaka 1913. Mwaka uliofuata wakubwa wakaanza vita vyenyewe, bila rula.

Mimi nacheza vita hivyo hivyo, upande wetu huku. Nyumbani ni Migori, kazi iko Homa Bay, na watu wengi wa kaunti hizi mbili hawajui kwamba Septemba 1914 majeshi yalipita mlangoni mwao. Wajerumani walivuka mpaka wakitokea upande wa Mwanza, wakapanda kupitia eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori hadi Kisii, kituo cha Waingereza kilichoanzishwa 1907. Askari wa KAR wakaletwa kwa meli, wakashuka Kendu Bay, wakapanda mlima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba wakapigana kwenye vilima vya Kisii. Kapteni Thorne wa KAR akauawa, maafisa wa Kijerumani nao wakaanguka, na mwishowe pande zote mbili zikarudi nyuma. Siku chache baadaye meli ya Waingereza, Winifred, ikakutana na boti ya Wajerumani, Muansa, huko Karungu. Yote haya ni mwendo wa matatu kutoka ninapokaa.

Sasa, hasira. Fungua picha zozote za visanamu vya vita vya Afrika Mashariki mtandaoni. Tazama chini, kwenye kitako, yaani kile kiduara ambacho askari anasimama juu yake. Utaona nini? Mchanga wa njano. Kijani kimoja kilichokauka. Labda jiwe. Ukiona meza nzima, utaona mchanga wa njano zaidi na mgunga mmoja wenye kichwa bapa, kama nembo ya kampuni ya safari za kitalii. Askari amepakwa rangi kwa ustadi wa kutisha, hata vifungo vya shati vinaonekana, halafu anasimama mahali ambapo hapako!

Nilimwuliza jamaa mmoja wa ng'ambo kwa nini vitako vya jeshi lake la Kisii ni vya jangwani. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba ndiyo "rangi ya Afrika". Ndugu yangu, rangi ya Afrika ndiyo ipi? Uso wa ziwa pale Kendu Bay uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko kama mita 1,700. Panda hiyo njia siku moja. Unaanza kwenye udongo mweusi wa ufinyanzi, ule unaomeza gari wakati wa mvua na kupasuka kama mguu wa mzee wakati wa kiangazi. Unamaliza kwenye udongo mwekundu, vilima vya kijani vilivyobanana, mahali ambapo mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Mchanga wa njano uko wapi hapo? Hata wa kujengea choo tunauteka mtoni.

Watengenezaji programu wanaujua ugonjwa huu. Unaitwa chaguo-msingi. Programu inapokosa jibu kutoka kwako, inaweka jibu la aliyeiandika, na aliyeiandika hakai kwenu. Niliwahi kuitwa kwenye chama fulani cha akiba na mikopo ambako mama mmoja muuza omena alikuwa anadaiwa riba ya miezi mitatu asiyoijua. Mfumo ulikuwa umeachwa na tarehe za Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Karani aliandika 04/07 akimaanisha tarehe nne Julai. Kompyuta ikaelewa tarehe saba Aprili. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekusudia, na mama alikuwa analipa. Nilitumia siku mbili kurekebisha rekodi moja baada ya nyingine, na kila niliyeongea naye akaniambia si kosa lake. Ndivyo chaguo-msingi linavyofanya kazi: linadanganya na halina mwenyewe.

Mchanga wa njano ni hivyo hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua kudanganya. Mmoja alianza, pakiti ya mchanga ikauzwa, video ya kufundisha ikarekodiwa, na sasa kila anayenunua askari wa KAR anaweka jangwa.

"Omera, ni mchezo tu," ananiambia rafiki yangu ninayecheza naye Jumamosi. Sawa. Basi tuzungumze mchezo. Kitako kinaamua meza, na meza inaamua nani anashinda. Kwenye uwanja wa wazi wa njano, mwenye bombomu anakaa kilimani na kufagia kila kitu, mchezo unaisha kabla chai haijapoa. Weka vilima halisi, mashamba ya wimbi na mtama, mtama unaomfika mtu kichwani na kupita, na njia nyembamba, uone kama bombomu hilo litaona chochote. Weka boma la Kijaluo lililozungukwa na ua wa ojuok, ule mmea ambao ukiuvunja unatoa maziwa yanayoweza kukupofusha macho. Katika kanuni zetu za Jumamosi, kikosi kikipenya ua wa ojuok kwa kukimbia kinapoteza zamu nzima. Kanuni hiyo hutaipata kwenye kitabu cha mtu aliyeweka mchanga wa njano, kwa sababu hajui kwamba ua ulikuwapo.

Lakini mchezo siyo kiini cha ugomvi wangu. Mwaka jana nilibeba sanduku la visanamu nikaenda nalo nyumbani Migori. Wakati huo nilikuwa sijaokoka, vitako vyangu vyenyewe vilikuwa vya njano, nilivinunua vimeshatengenezwa, kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mchumba wangu anasoma. Dani akavaa miwani, akachukua askari mmoja, akamgeuza, akamwangalia miguuni.

"Nyathina, hawa wanapigana wapi?"

"Hapa hapa Dani. Njia ya Kisii."

Akaangalia tena. "Na hapa hakuna mtu anayelima?"

Sikuwa na jibu. Alimrudisha sandukuni taratibu, akaendelea kuchambua mboga.

Hilo ndilo swali, wapendwa. Mchanga mtupu unasema ardhi ilikuwa tupu. Unasema Wazungu wawili walikutana mahali pasipo na mwenyewe wakapigana, wakaondoka, hakuna kilichoharibika. Lakini lilikuwa shamba la mtu. Baada ya mapigano wenyeji waliingia mji wa Kisii ulioachwa na maafisa wake, wakachukua vitu, na serikali ya kikoloni iliporudi ikawaadhibu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Nyumba gani, ng'ombe gani, ikiwa kwenye meza yako pana mgunga mmoja na jiwe?

Na wapagazi. Askari akitembea huku, nyuma yake kulikuwa na watu wamebeba unga, maji, risasi, hata mizinga iliyofunguliwa vipande. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa, si kwa risasi, na Nyanza ilitoa watu wengi sana. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Ukienda Kenyatta Avenue, Nairobi, utaona sanamu tatu za shaba za kumbukumbu ya vita hivyo, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Hata mkoloni alimpa nafasi pale juu! Sisi kwenye meza zetu mara nyingi hatumweki kabisa, maana "hana pointi".

Nikubali jambo moja kabla sijatukanwa. Wapo waliopigana kwenye ukavu kweli. Ukicheza Taveta, Tsavo au Longido, weka vumbi lako na miiba yako, sina neno, ingawa hata huko udongo wa Tsavo ni mwekundu mpaka tembo wanageuka rangi. Ninachokataa ni Taveta kutumwa Kisii.

Na upande wa pili, sisi wenyeji tusijifanye malaika. Mwenzangu alitengeneza gati la Kendu Bay la 1914, kazi nzuri mno, maji ya rezini yanang'aa, halafu akajaza gugumaji kila mahali. Gugumaji! Mmea uliojulikana ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980! Yeye amekua akiuona kila siku, akadhani babu yake aliuona pia. Nilimwambia aung'oe, akanuna wiki mbili. Sasa ameweka mafunjo, na gati limekuwa gati.

Basi, kwa anayetaka kubadilika, hivi ndivyo ninavyofanya sasa. Kitako ni kifuniko cha soda kilichogongwa kikawa bapa. Udongo nauchota mahali penyewe: mwekundu kutoka kando ya barabara ya Kisii, mweusi kutoka huku ziwani. Uchekeche kwa chujio la chai (nunua lako, usichukue la jikoni, nazungumza kwa uzoefu), kisha uuchome juu ya kikaango mpaka ukauke kabisa. Nilipuuza hatua hiyo mara moja, kikosi kizima kikaota ukungu.

Udongo mwekundu ni mpole. Paka gundi nyeupe ya seremala, nyunyiza, acha ukauke, kisha pitisha tabaka jingine la gundi iliyochanganywa na maji. Ule mweusi ni mkorofi. Ukikauka unajikunja na kupasuka, na ukiuweka mnene unang'oka na askari wake. Nilihangaika nao mwezi mzima nikidhani ni hitilafu, mpaka nilipotoka nje mwezi wa Januari nikaangalia chini. Ardhi yenyewe imepasuka vile vile! Sasa nauweka mwembamba, naupiga msasa kidogo chini ili gundi ishike, na naacha upasuke unavyotaka. Halafu rangi nyepesi kwa brashi karibu kavu juu ya kingo za nyufa, basi.

Nyasi ni nyuzi za kamba ya mkonge zilizokatwa na kutiwa rangi ya kijani. Vanishi iwe ile isiyong'aa, na uipake kwa brashi. Ya kupuliza inakataa huku ziwani: hewa ikiwa na unyevu inageuka ukungu mweupe juu ya kazi yako ya wiki tatu, na hakuna kitufe cha kutendua.

Na sasa siri yangu, maana Dani alistahili jibu. Visanamu hivi vimepunguzwa takribani mara 60. Suke la mtama lenye sentimita 20 linakuwa milimita tatu na kidogo, ambayo ndiyo punje moja ya mtama. Suke la wimbi linakuwa milimita moja na nusu au mbili, ambayo ni punje moja ya wimbi. Kwa hiyo shamba la mtama natengeneza kwa mtama. Unyuzi mmoja wa ufagio, tone la gundi, punje moja juu. Shamba la ukubwa wa kiganja linakula punje kama mia mbili na jioni nne, na hakuna kiwanda kinachokuuzia kitu kinachofanana nalo zaidi.

Zitie vanishi pande zote, hata chini. Shamba langu la kwanza sikulitia, nikaliacha juu ya kabati nikaenda Nairobi kwa wiki mbili. Nikarudi nikakuta mabua matupu na dumuzi wanatembea kati ya askari wa KAR. Nimeanza upya. La pili likikauka nalipeleka Migori.