Vinasaba vya Mibuyu Yetu

Mwezi Mei 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya aina zote nane za mbuyu. Wataalamu walibainisha kwamba asili ya mti huo ni Madagaska, na kwamba aina mbili za huko zina vinasaba visivyotofautiana sana, hivyo zinahitaji ulinzi wa haraka.

Habari hiyo yatuhusu sisi wa Unguja na Pemba. Mbuyu haupandwi shambani, lakini wazee wetu wametumia ubuyu kutibu homa na kuharisha tangu kale. Walimwengu nao wameutambua: mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wake uuzwe huko kama chakula.

Sisi hatupingi utafiti. Bila ya utafiti huo, udhaifu wa mibuyu ya Madagaska usingejulikana kwa hakika. Tunalouliza ni nani atakayefaidika.

Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unataka mtafiti apate kwanza idhini ya nchi yenye mmea, na faida igawanywe kwa haki. Lakini zamani mgeni alilazimika kuchukua gome au tunda. Leo jani moja likishasomwa, taarifa za vinasaba vyake huhifadhiwa katika kompyuta, na kampuni iliyo ng'ambo huweza kuzitumia bila ya kukanyaga visiwa hivi. Kwa sababu hiyo, Mfuko wa Cali ulizinduliwa Februari 2025, nao umetenga angalau nusu ya fedha zake kwa ajili ya wenyeji na jamii za asili. Hata hivyo, kampuni huchangia kwa hiari, na hiari ya tajiri si jambo la kutegemewa.

Hapana budi basi Serikali isitoe kibali cha kukusanya mimea pasipo mkataba wa maandishi: sampuli zibaki pia nchini, vijana wetu wafunzwe kazi hiyo, na matokeo yarudishwe vijijini. Maarifa ya waganga wetu nayo yaandikwe kwa ridhaa yao, yakiwa chini ya ulinzi wa sheria. Wananchi kwa upande wao waache kuikata mibuyu ovyo, kwani mti uliokwisha kuangushwa hauna mkataba wa kuuokoa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mimea yetu lifunguliwe sasa, na liandikwe na sisi wenyewe.