Pesa ya Kikundi Isilale kwa Simu ya Mtu Mmoja

Kuna swali ambalo katika studio za pamoja huulizwa kwa sauti ya chini, tena mara nyingi baada ya mkutano kwisha: "Kwani ile kazi yangu iliuzwa pesa ngapi?"

Sisi wa kitengo cha elimu kwa wateja tulilisikia Jumamosi moja, katika nyumba ya kupanga ambayo wasanii na mafundi wameigeuza kuwa studio. Chumba kimoja ni cha wachoraji, kingine ni cha washonaji wa shanga, gereji ni ya fundi wa ngozi na jamaa wa vyuma. Sebule ndiyo galari. Kila mtu anatundika kazi yake pale, kikundi kinakata asilimia kidogo ya kodi ya nyumba na stima, na zinazobaki ni za mwenye kazi. Mpango mzuri kabisa. Sisi tulikuwa tumeenda kufundisha habari za PIN na matapeli, mada zetu za kila siku.

Mama mmoja anayesuka viondo alitungoja mpaka tukamaliza kukunja nyaya. Alikuwa ametundika viondo vitatu galarini. Misumari miwili sasa ilikuwa mitupu, na simu yake haikuwa imelia.

"Mama, umemuuliza mweka hazina?"

"Nimuulize vipi, mwanangu? Ni yeye alinileta hapa. Nikiuliza itakuwa kama nimemwita mwizi."

Mweka hazina hakuwa mwizi. Tulikaa naye chini baadaye, na hadithi yake wengi wenu mtaitambua. Kwa mlango wa galari kulikuwa na kipande cha katoni kilichoandikwa namba ya simu kwa maka nyeusi. Namba yake mwenyewe. Kila mteja alituma pesa kwa laini ile ile ambayo yeye anapokelea vibarua vyake, michango ya mazishi na karo. Mwezi mmoja mtoto wake akalazwa. Akalipa hospitali kwa salio lililokuwa kwa simu.

"Nilijua kuna zangu na kuna za watu," alituambia. "Sikujua ni ngapi kwa ngapi."

Maoni yetu ni haya, na tunayasema tukijua kuna watakaoyapinga: kosa halikuwa la mtu yule. Lilikuwa la ile katoni. Kikundi kinachoweka pesa ya watu kumi na tano kwa laini ya mtu mmoja hakijamwamini mtu huyo. Kimemtwika mzigo, na siku atakapoanguka nao kitamwita mwizi.

Wazee wa Changamwe walishalijua hili

Watu hufikiri mambo ya uwazi wa pesa yalikuja na simu. Si kweli. Nenda Changamwe, Mombasa, si mbali na uwanja wa ndege, uone ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanza mwaka wa 1963. Mabanda yamejipanga, wachongaji wameketi chini na tezo, vumbi la mbao kila mahali, na mbele kuna duka la maonyesho la ushirika. Mgeni anatembea katikati ya mabanda, anaona twiga akitoka kwenye gogo, kisha anaingia dukani kununua.

Sanaa yenyewe ina historia ndefu. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa biashara hiyo ya vinyago ni Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kujifunza kwa wachongaji wa Kizaramo. Aliporudi akawafundisha wengine, na kazi ikasambaa mpaka Nairobi na Pwani.

Lakini kinachotuhusu sisi watu wa pesa ni kitu kidogo kilichoko chini ya kinyago. Kila mwanachama ana nambari yake, na nambari hiyo huwekwa kwenye kazi anayoipeleka dukani. Kinyago kikiuzwa, nambari ndiyo inayosema pesa ni ya nani. Ushirika unachukua sehemu yake na mchongaji anapata yake. Muuzaji wa dukani hahitaji kumjua mchongaji kwa sura, na mchongaji hahitaji kushinda mlangoni akichunga.

Huo ndio mfumo ambao sisi leo tungeuita kwa majina makubwa. Wazee waliufanya kwa kalamu na mbao. Kwa hivyo tukiwaambia vikundi vitumie simu vizuri, hatuwaletei ustaarabu mpya. Tunawaambia waipe simu ile kazi ambayo nambari ya chini ya kinyago imefanya miaka yote.

Nyumba ina kodi, na kodi haingoji

Kuna jambo lingine linalofanya hili liwe zito. Studio ya pamoja huvunjika mara mbili: mara ya kwanza watu wanapoacha kuaminiana, na mara ya pili mwenye nyumba anapobisha.

Hapa Nairobi tunao mfano wa Kuona. Ilianza mwaka wa 1995 kama Kuona Trust ndani ya Makumbusho ya Taifa, ikahamia GoDown, kisha ikaenda Likoni Close upande wa Kilimani. Baadaye wasanii wenyewe wakashika usukani na ikawa Kuona Artists Collective. Tofauti ni kubwa. Palipo na mfadhili, hesabu ni ya ofisi. Wasanii wakijiendesha, hesabu ni ya kila mtu aliye na brashi mkononi. Kodi, maji, mlinzi, taa za galari, vyote vinatoka kwa michango na mauzo yao.

Sasa fikiria hesabu ndogo. Tuseme kiondo kimeuzwa shilingi 2,500, na kikundi kinakata asilimia 20. Kikundi kinapata 500, mama anabaki na 2,000. Hizo 500 zikiyeyuka ndani ya simu ya mtu, mama hataona, kwa sababu si zake. Hata wenzake hawataona. Ataziona mwenye nyumba mwisho wa mwezi, zisipofika. Na mwenye nyumba hamfungii mweka hazina peke yake. Anafunga geti, na kazi za watu wote zinabaki ndani.

Tunavyoshauri

Tusiongee juu juu. Haya ndiyo tunayowaambia vikundi vya namna hii.

Kwanza, jisajilini. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inatambua vikundi kama hivi, na cheti cha usajili ndicho kinachofungua milango mingine: akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na nambari ya malipo kwa jina la kikundi. Mteja akilipa, aone jina la studio kwenye simu yake, si jina la mtu.

Pili, chagueni aina ya nambari kwa akili. Till ni rahisi: mteja anaweka nambari na kiasi, basi. Paybill humwuliza mteja kitu kimoja zaidi, nambari ya akaunti. Wengi huona hilo ni usumbufu. Kwa galari, hiyo ndiyo dawa yenyewe! Mpeni kila msanii nambari, iandikwe kwenye kadi ya bei, na mteja anapolipa aiweke hapo kwenye akaunti. Kikombe cha mfinyanzi namba 07 kikinunuliwa, malipo yanaingia yakiwa yameandikwa 07. Ni kile kinyago cha Changamwe, sasa kiko ndani ya simu.

Tatu, mkitumia till, msiache kaunta buku. Kila mauzo mstari mmoja: tarehe, kazi, nambari ya msanii, kiasi, na ile nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Mstari huo na taarifa ya akaunti vikikutana mwisho wa mwezi, hakuna atakayehitaji kuuliza kwa sauti ya chini.

Nne, anayepokea asiwe ndiye anayetoa peke yake. Anayekaa galarini aone pesa ikiingia, lakini kutoa kuhitaji watu wawili au watatu waliochaguliwa. Kwa akaunti ya benki ya kikundi hilo ni jambo la kawaida, watia sahihi watatu. Pesa ya till ihamishwe benki kwa siku maalum, isirundikane. Na PIN haiandikwi nyuma ya kitabu. Tumeiona huko, zaidi ya mara moja.

Tano, wekeni siku ya malipo. Ijumaa, tuseme. Kila aliyeuza analipwa siku hiyo, na orodha inabandikwa ukutani: nambari, kazi, bei, makato ya kikundi, kilicholipwa. Ukitumia nambari badala ya majina, hata aliyeuza kidogo haaibiki.

Na moja la galari hasa: msikabidhi kazi kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza kuliko mkufu wa shanga. Angalia simu yako, angalia salio, ndipo ufunge mzigo. Mtu akipiga baadaye akisema ametuma kwa makosa umrudishie, usimtumie kwa mkono wako. Mwambie aombe pesa irejeshwe kupitia huduma kwa wateja.

Wanaopinga, nao wana hoja

Hoja ya kwanza tunayoisikia: "Nyinyi mnataka tu makato." Wacha tuseme ukweli. Ndiyo, kampuni kama yetu inapata pesa pesa inapotembea, na hatutajifanya hatuna faida hapa. Tunasema lipaneni mara moja kwa wiki badala ya kila mauzo, lakini linganisheni makato kwanza, kwa sababu kutuma kiasi kikubwa mara moja si lazima kuwe nafuu kuliko kutuma kidogo kidogo. Kabla hamjachagua nambari, ulizeni nani anabeba makato, kikundi au mteja, na muyaweke kwenye bei mapema. Kikundi ambacho kimepiga hesabu na kuona pesa taslimu ndani ya sanduku lenye kufuli mbili inawafaa zaidi, sawa. Kufuli mbili ndilo jambo kuu.

Hoja ya pili: "Sisi ni familia, hatuandikiani." Hii ndiyo inayotuogopesha. Watu wa familia ndio hasa hawawezi kuulizana. Yule mama angekuwa anamuuzia mgeni kule sokoni, angedai pesa yake saa ile ile bila aibu. Alinyamaza kwa sababu ya mapenzi na heshima. Kitabu kinamwondolea mzigo wa kuuliza. Kuandikiana si ishara kwamba mapenzi yamekwisha. Ni namna ya kuyalinda yasije yakaisha.

Hoja ya tatu haisemwi mkutanoni, inafanywa. Mteja akipenda picha, msanii anamnong'oneza: "Nitumie kwa namba yangu, nikupunguzie." Tunaelewa. Asilimia 20 inauma ukiwa na watoto. Lakini mteja huyo alifika kwa sababu kuna galari, na galari ipo kwa sababu kuna kodi iliyolipwa. Mkiona minong'ono imezidi, msikimbilie kufukuza watu. Kaeni mwulizane kama makato ni makubwa mno, na kama watu wanaona yanaenda wapi. Mara nyingi anayekwepa kukatwa ni yule ambaye hajawahi kuonyeshwa hesabu.

Wale wa Jumamosi

Ile katoni iliondolewa. Mweka hazina alisimama mbele ya wenzake akasema pesa ilivyokwenda, na tuliona ni vigumu kwake kuliko kulipa. Alimlipa mama wa viondo kwa awamu tatu. Kikundi kilibishana sana kama aendelee na kazi hiyo. Mwishowe akabaki, lakini sasa anaandika kitabu na watu wengine wawili ndio wanaotoa pesa. Alituambia analala vizuri zaidi.

Mama hakurudisha viondo vyote mara moja. Alileta kimoja tu, akakitundika kwenye msumari ule ule, na chini ya mshipi akashona kipande cha kitambaa chenye nambari yake. "Nangoja nione," akasema. Nasi tunaona ana haki ya kungoja.

Kama uko kwenye kikundi, iwe ni cha wasanii, cha mafundi wa ngozi au cha akina mama wa vyungu, fanya jambo moja wiki hii. Toka nje, usimame mlangoni kama mteja, usome namba iliyobandikwa hapo. Kama ni namba ya mtu, itisheni mkutano. Mwiteni na mweka hazina, na mwanzeni kwa kumshukuru, maana amebeba peke yake kitu ambacho kilikuwa chenu nyote.