Kujenga Si Kazi, Kazi Kutunza

Wahenga walinena kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kauli hiyo twaijua tangu utotoni, lakini ni nadra kuisikia katika vikao vinavyokata shauri juu ya mali ya umma. Huko husikika zaidi habari za jiwe la msingi na utepe. Leo nautazama mji wa Nakuru, ambao sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuuita mji wa kigeni. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika huko mwaka wa 1900, ikakwea pamoja na watu wetu na lugha yetu. Hata leo mtu wa pwani akishuka Nakuru hukuta mitaa ya Bondeni, Kaloleni na Shabab, akaona kama hajatoka kwao.

Nakuru ilipewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, shirika la UNESCO lilikuwa limeutia mji huo katika orodha ya miji ya ubunifu, kwa ajili ya kazi za mikono na sanaa za jadi. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta wakaazi 570,674. Basi umati huo wahitaji pa kuchezea, pa kusomea, pa kufanyia arusi, na pa kumsikiliza malenga au kumtazama msusi wa vikapu. Ndipo wakuu wake wakaingia katika kazi ya kuboresha mahali pa umma, na uwanja wa Afraha ukaanza kujengwa upya kwa fedha za mradi wa miji wa Benki ya Dunia. Ni jambo jema, na jina lenyewe kwa sikio la aliyesoma chuoni lina mlio wa furaha.

Lakini mimi nina swali dogo, nalo nalielekeza kwa kila ukumbi na kila bustani: taa ikiungua, nani atainunua?

Siulizi kwa dhihaka. Nakumbuka mji mmoja wa bara, jina nalistiri, ambako tulialikwa washairi kuja kughani. Ukumbi ulikuwa mpya, rangi bado yanuka. Tulipowasili tukaambiwa taa zimeungua tangu mwezi uliopita, maji hayatoki, na mwenye ufunguo hajulikani alipo. Tulighani nje chini ya mti hadi giza likatufukuza. Wale watoto waliokuja kusikiliza walirudi makwao wakijua jambo moja, kwamba ule ukumbi si wao.

Wazee wetu walilijua dawa la ugonjwa huu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba Khaibar, Mtume (s.a.w.) alimshauri alizuie shina lake, lisiuzwe wala lisirithiwe, na matunda yake yatolewe sadaka. Kutokana na shauri hilo pwani yetu ikajaa wakfu. Aliyejenga msikiti mara nyingi hakutoa msikiti peke yake. Aliufungia duka, nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, ili kodi na nazi zinunue mafuta ya taa, mikeka na maji ya kutawadhia. Alifikiria taa kabla haijaungua.

Sasa tazama kumbi za serikali. Watu hukodi ukumbi kwa arusi na mikutano, lakini fedha hizo kwa kawaida hazibaki pale. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010 chaamuru mapato ya kaunti yatiwe katika mfuko mmoja, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria. Madhumuni yake ni mema, kuzuia wizi. Lakini ukumbi hutoa shilingi asubuhi, kisha ukapanga foleni nyuma ya barabara na mishahara ukiomba senti ya balbu.

Hata hivyo, mlango upo. Mwaka wa 2023 Bunge lilipitisha sheria ya kuziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia kujiboresha. Ikiwa wagonjwa wamepatiwa njia, kwa nini wasomaji, wachezaji na mafundi wa sanaa wasitafutiwe yao? Kila ukumbi ufungiwe vibanda viwili vitatu vya biashara, na kodi yake ibaki pale pale. Wenye arusi na wanasiasa walipe. Watoto wa shule na madrasa waingie bure.

Kuna atakayeniambia kwamba hata wakfu zimepata kuliwa na wasimamizi wake. Ni kweli, sikatai. Kwa hiyo hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, mahali ambapo hata mama muuza mboga ataisoma. Mwizi huchukia ukuta unaosema.

Basi wenye kukata shauri Nakuru, na wenzao wa Mombasa pia, maana sisi hatujasalimika, wasiishie kutuonyesha ramani ya jengo. Watuonyeshe na daftari la mwaka wake wa kumi. Jengo lisilo na daftari hilo, afadhali lingojee.