Kosa Si la Tawi

Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi Kigoma, Mtwara na Sumbawanga ikianza kutumia mikutano ya video na ramani za kidijitali, malalamiko hutoka matawini. Majibu ambayo matawi hupewa huwa yaleyale, na mengi si sahihi.

"Ongezeni kasi ya intaneti, yataisha." Jibu hili ndilo linalokula fedha nyingi kuliko yote. Kasi anayouza mtoa huduma ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Haisemi lolote kuhusu muda wa ombi kwenda na jibu kurudi. Tawi linalotegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta husubiri kama nusu sekunde kwa kila jibu, na hakuna malipo yatakayoipunguza safari hiyo. Sasa mfanyakazi afungue faili la ramani lililo kwenye folda ya pamoja makao makuu. Mara nyingi programu hailiombi faili zima. Huuliza kipande, ikasubiri, ikauliza kingine. Maswali 1,000 ya namna hiyo ni zaidi ya dakika nane. Nunua laini yenye kasi mara kumi, na dakika hizo zitabaki karibu zilezile. Kinachotakiwa ni kubadili namna programu inavyofanya kazi: data ikae kwenye hifadhidata kama PostGIS, hesabu zifanyikie hukohuko, tawi lipelekewe vigae, yaani vipande vidogo vya ramani, vya eneo linalotazamwa tu, na nakala zake zitunzwe kwenye seva ndogo ya tawi.

"Video ndiyo inayoua mtandao, ipigwe marufuku." Napinga kabisa. Mahitaji ya video yanajulikana mapema, nayo ni megabiti chache kwa sekunde. Simu ya ofisini haifiki hata kilobiti 100. Shida ya video na simu ni muda. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Picha ya droni ya megabaiti 500 ikitumwa kwenye laini ya megabiti 10, laini hujaa kwa karibu dakika saba, na mkutano unaganda. Fundi akiipanga rauta itangulize sauti, kisha video, na picha ya droni ingoje zamu yake, vyote vinapita. Mpangilio huo lazima uwe pande zote mbili, tawini na makao makuu. Wengi huuweka upande mmoja wakadhani haufai. Kuifuta video ni kuwaondoa watu wa Sumbawanga kwenye meza ya maamuzi kwa sababu ya rauta isiyopangwa.

"Kila kitu kiko kwenye wingu, mtandao si tatizo tena." Wingu ni seva zilizo mahali fulani, na mara nyingi njia ya kuzifikia hupita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na Uganda. Siku kama ile, tawi lenye nakala ya ramani zake huendelea na kazi. Lisilo nayo hukaa bure.

"Ramani ni za wataalamu, matawi hayataziweza." Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi na wakazi wa mitaa kuchora mifereji na maeneo ya mafuriko. Hoja hii haina mguu wa kusimamia.

"Tumeijaribu, inafanya kazi." Wameijaribu wapi? Katika jengo lenye seva, ambako jibu hurudi kabla ya milisekunde moja kwisha. Linux ina kifaa kiitwacho netem kinachoongeza ucheleweshaji na upotevu wa data kwa makusudi. Fundi aweke milisekunde 600, kisha mkurugenzi mwenyewe aketi kufungua ramani ya wateja huku yuko mkutanoni. Afanye hivyo kabla ya kusaini mkataba, na watu wa tawi lenye laini mbovu kuliko zote wawe na haki ya kuukataa mfumo.