Wenye Shahada na Kazi ya Ukarani



Katika miezi hii michache zimetufikia barua nyingi zenye shauri moja, ijapokuwa waandishi wake hawakupatana. Baadhi yao ni makarani wenzetu wa siku nyingi, nao wasema kwamba ikitangazwa nafasi moja ya ukarani hapa Pemba, kazi ambayo zamani iliombwa na kijana wa kidato cha nne mwenye cheti chake, siku hizi huombwa na vijana waliotoka chuo kikuu. Kwa hiyo wataka Chama kiiombe Serikali iwafungie wenye shahada mlango huo, ili kazi ya karani ibaki kuwa ya karani. Wengine ni wazazi, nao ni wanachama vile vile. Hao wauliza mtoto wao afanye nini, ikiwa amesoma miaka mingi, kisha akirudi Wete au Chake Chake hakuti kazi ya shahada wala hiyo iliyo chini yake. Shauri hili litaletwa katika mkutano mkuu, na kabla ya siku hiyo twaona yatupasa kusema tunavyofikiri, ili kila mwanachama aje akiwa amekwisha kulipima.

Yafaa tuanze na habari za nyuma, maana asiyejua jambo lilikotoka hawezi kujua namna ya kuliondoa.

Serikali ilifungua skuli yake ya sekondari Unguja mwaka 1935, na mtoto wa Pemba aliyetaka kuendelea na masomo alipanda chombo akavuka bahari. Aliyefaulu huko, akabahatika kuchaguliwa, alipelekwa Makerere, skuli iliyoanza mwaka 1922 kwa kufundisha ufundi. Huko ndiko aliko­soma katika miaka ya 1940 Aboud Jumbe, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Zanzibar mwaka 1972, na Julius Nyerere vile vile. Wala Makerere yenyewe haikuwa ikitayarisha watu kwa shahada mpaka ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Basi katika zama zile nafasi za elimu ya juu zilihesabiwa kwa vidole, na wengi wenye akili njema walibaki nje, si kwa kushindwa mtihani bali kwa kukosa nafasi. Lakini yule mmoja aliyepita hakuhangaika tena. Kazi ilikuwa ikimngoja kabla hajafungua sanduku lake.

Hali hiyo ilidumu hata baada ya Uhuru. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Serikali ndiyo iliyomsomesha kijana, na Serikali ndiyo iliyompangia mahali pa kufanya kazi alipomaliza. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamuru kwamba anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, ndipo aingie. Na tulitazame jambo hilo kwa makini: amri kama ile isingaliwezekana kama kazi zenyewe zisingalikuwako. Leo mtu akitoa amri hiyo hiyo, hapana kijana atakayekanyaga chuo, maana hatapata kazi ya kuanzia.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na skuli zikazaa wanafunzi, na wanafunzi wakataka vyuo. Mwaka 1998 vyuo vikafunguliwa Tunguu na Chukwani. Sheria ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ikapitishwa mwaka 1999, na masomo yakaanza mwaka 2001. Sasa chuo hicho kina tawi lake kwetu Pemba, huko Mchangamdogo, na mtoto wa hapa aweza kusoma pasipo kuvuka bahari. Twashukuru kwa hayo, tena sana. Haifai mtu yeyote aliyeshika kalamu aseme kwamba watoto wetu wamesoma mno. Hata leo wako wanaofaulu kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo, kisha wakabaki nyumbani kwa kukosa mkopo au karo.

Lakini kazi hazikuongezeka kama walivyoongezeka wasomi. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Muungano ilipunguza watumishi wake, na ile desturi ya kumpangia kazi kila amalizaye chuo ikakoma. Mlango mwembamba uliokuwa mbele ya chuo umehamia nyuma yake. Mwezi wa Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi wakutanishwe katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakakaa kwenye viti vya watazamaji wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakazidi 130,000. Mwenye kujua hesabu na agawanye: kwa kila kiti kimoja walisimama watu zaidi ya 80.

Hapa Pemba jambo hili lauma zaidi, na sababu yake yaonekana. Kisiwa chetu kilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya laki tano. Mali yetu kubwa ni karafuu, na baada yake uvuvi, mwani na kilimo cha chakula. Karafuu hazizai sawasawa kila mwaka. Likija vuo kubwa fedha hutembea, na likikosekana maduka hulala. Viwanda ni vichache, na makampuni ya kuandika watu kazi ni machache vile vile. Kwa hiyo kijana atazamapo huku na huku, mwajiri amwonaye ni Serikali peke yake. Tena huyo wa leo si kama yule wa Makerere. Tangu ilipoanza kazi Bodi ya Mikopo ya Bara mwaka 2005, na ya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 2011, vijana wengi husoma kwa mkopo unaopasa kulipwa. Kijana arudi kwao ana shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili, akachume karafuu za watu au aendeshe bodaboda ya kukodi. Kazi hizo ni za halali, wala hatuzidharau. Bali hazikuhitaji miaka mitatu ya chuo wala deni lake.

Wala si sisi wa kwanza. Kule Bara Hindi, katika majimbo yaliyoitwa United Provinces, wasomi wasio na kazi walizidi hata ikaundwa kamati chini ya Sir Tej Bahadur Sapru kuchunguza habari yao, nayo ikatoa taarifa mwaka 1935. Mwaka 1976 mwanachuoni Mwingereza, Ronald Dore, alieleza jinsi nchi zilizochelewa kuendelea zinavyohangaikia vyeti. Kazi ikiwa moja na waombaji wakawa wengi, mwajiri hupandisha cheti akitakacho, si kwa kuwa kazi imekuwa ngumu, bali apate njia nyepesi ya kupunguza barua zilizo mezani. Kijana naye akiona hivyo hukimbilia cheti cha juu zaidi. Mwisho wake kila mtu amepanda ngazi moja, na kazi ni ile ile. Ndilo jambo tulionalo katika ofisi zetu: jalada ni lile lile, daftari la barua ni lile lile, lakini cheti kinachotakiwa hupanda mwaka hata mwaka.

Sasa twaja kwenye ombi la wenzetu wanaotaka mlango ufungwe. Twawaelewa. Karani aliyeingia na kidato cha nne, akatumika miaka kumi na mitano, akajifunza kazi kwa mikono yake, aona uchungu akiletewa kijana wa kumfundisha, na mwaka wa pili kijana yule akawa mkubwa wake. Uchungu huo si wa uongo. Walakini hatuwezi kukubali dawa waliyoitaja, na sababu zetu ni tatu.

Kwanza, vijana hao ni wetu. Hakuna mwanachama asiyekuwa na mwana, au ndugu, au mtoto wa jirani katika hesabu yao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tupatao mshahara kila mwisho wa mwezi, ukiwa mdogo au mkubwa, tu katika walioshiba. Chama kilichoundwa kutetea haki ya watumishi kikianza kuomba wengine wanyimwe haki, siku kitakapodai haki yake kitasikilizwa na nani?

Pili, mlango ukifungwa kwa sheria hufunguliwa kwa siri. Kijana ataficha shahada yake aombe kwa cheti cha kidato cha nne, na ofisi itakuwa imemfundisha uongo kabla ya kumfundisha kazi.

Tatu, ubaya haukuanzia kwa mwenye shahada kuomba ukarani. Ubaya ni kazi kutangazwa kwa cheti kisichohusiana nayo, na mtu kupandishwa kwa karatasi pasipo kutazamwa utumishi wake. Hilo ndilo tuliombee dawa.

Kwa hiyo rai yetu kwa mkutano ni kwamba Chama kipeleke kwa wakubwa maombi manne. La kwanza, kila kazi itangazwe kwa elimu ambayo kazi yenyewe yaitaka, isizidi wala isipungue. Mwenye zaidi asizuiwe kuomba, lakini akishika ukarani awe karani, kwa mshahara wa karani, na apande kwa utumishi kama wenziwe. La pili, waombaji wapimwe kwa mtihani wa kazi: waandike barua, wafungue jalada, wajumlishe hesabu; na alama zibandikwe ukutani kila mtu azisome. La tatu, usaili wa kazi za Pemba ufanyike Pemba, na matangazo yafike wilaya zote nne, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, kwa muda wa kutosha. Nauli ya chombo na chakula cha siku mbili ni kitu kidogo kwa mwenye mshahara, bali kwa asiye na kazi ni deni jingine. La nne, karani wa zamani apewe ruhusa ya masomo kwa zamu inayojulikana, ili asipitwe kwa kukosa nafasi aliyostahili.

Lakini iko sehemu ya jambo hili isiyohitaji ombi kwa mkubwa yeyote, maana imo mikononi mwetu. Ni nani apokeaye bahasha za waombaji? Ni karani. Ni nani azipangaye, aandikaye majina, abandikaye tangazo? Ni karani. Hata pale ambapo maombi hupitia kwenye mtandao, orodha huchapwa na karani. Sote twajua maneno yasemwayo mitaani, kwamba kazi hupatikana kwa kumjua mtu, na kwamba kikaratasi kidogo chenye jina hushinda shahada. Hatusemi kwamba kila linalosemwa ni kweli. Twasema kwamba mwanachama wa Chama hiki asiwe ndiye mkono wa kulifanya kuwa kweli. Bahasha iliyofika kwanza isiwekwe chini ya iliyofika mwisho. Tangazo lisilale ndani ya mtoto wa meza mpaka siku zake ziishe. Jina la mpwa lisiingie katika orodha pasipo barua. Kijana wa Kojani asiye na mjomba ofisini hana mtetezi mwingine ila uaminifu wa karani asiyemjua.

Tena twaweza kusaidia kwa njia nyingine. Barua nyingi za waombaji hukataliwa kwa makosa madogo, nasi twajua makosa hayo kuliko mtu yeyote. Kwa nini matawi yetu yasiteue jioni moja katika kila mwezi, vijana waje na barua zao wasomewe na kuonyeshwa zilipopinda, bila malipo? Na wanachama walio wazazi wawaambie watoto wao ukweli kabla hawajachagua masomo: kazi gani zina watu wengi, na zipi zina wachache. Mwanafunzi aliyepita chuo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji akajua umeme au useremala hakupungukiwa na kitu kwa kukosa joho. Kwa muda mrefu sisi watu wa ofisi tumewaonyesha watoto kwamba heshima imo katika kalamu tu. Wametuamini, wakaja wote kwenye mlango wetu, na sasa wengine wetu wataka kuufunga.

Haya ndiyo mawazo yetu. Wanaoyapinga tutawasikiliza mkutanoni kwa adabu, nasi twaomba nao watusikilize hivyo hivyo. Kila tawi lipeleke wajumbe wawili, na wajumbe hao waje na hesabu ya nafasi za ukarani zilizotangazwa katika wilaya yao mwaka huu, cheti kilichotakiwa kwa kila moja, na mahali usaili ulipofanyika. Tukiwa na hesabu hizo mkononi, maombi yetu hayatakuwa malalamiko, na mkubwa atakayeyasoma hatakuwa na budi kuyajibu.