JE, KUMGAWIA JIRANI MBEGU NI WIZI?



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Alasiri hapa Busawe, bibi mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Alisikia sokoni kwamba siku hizi mbegu zina wenyewe, zimeandikishwa serikalini, na anayemgawia mwenzake anafanya wizi. Bibi huyu kila mwaka huhifadhi mbegu za wimbi kwenye kibuyu, mbegu alizozikuta kwa mama mkwe wake. Jirani akikosa, humpimia bakuli. Akaniuliza, "Shehe, kumbe miaka yote hii nimekuwa naiba?"

Nikamjibu, "Hapana, bibi yangu. Endelea kugawa."

Lakini siku chache kabla, kijana mmoja alinijia na hoja nyingine. "Shehe, mbegu ni ya Allah. Nikinunua mbegu ya mahindi ya kampuni, nikaipanda, nikavuna, nikaifungasha na kuiuza kwa jina lile lile, kosa langu liko wapi?" Huyu nilimwambia aache mara moja.

Wote wawili wameniuliza habari ya mbegu, na mmoja nimemruhusu, mwingine nimemkataza. Naomba nieleze kwa nini.

Kwanza tuijue sheria. Tanzania Bara ilitunga sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mpya mwaka 2012, na Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2014. Novemba 2015 nchi yetu ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wenye makao Geneva unaosimamia haki hizo. Aliyegundua aina mpya ya mmea anaweza kuandikishwa kuwa mwenye haki kwa miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25. Katika muda huo, kuzalisha mbegu ya aina hiyo na kuiuza kunahitaji ruhusa yake.

Lakini si kila mbegu inaingia humo. Ni lazima iwe mpya, itofautiane na aina zinazojulikana, mimea yake ifanane, na isibadilike kizazi baada ya kizazi. Wimbi la bibi yule limejulikana na vizazi vilivyotangulia. Halijaandikishwa na mtu, wala halina sifa ya kuandikishwa leo kuwa la mtu. Basi haki ya mgunduzi haimgusi bibi huyu hata kidogo. Aliyemtisha sokoni ama hakuelewa, ama alitaka anunue.

Sasa turudi kwa kijana. Ni kweli kwamba mwenye kuotesha ni Allah peke yake. Katika Surat al-Waqi'ah Mola wetu anatuuliza kuhusu tunachokipanda, ni sisi tunaokiotesha au ni Yeye? Na Mtume wetu (SAW), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ametufundisha kwamba watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto. Lakini wanazuoni wakaeleza kwamba maji yakiwa mtoni ni ya wote, ila aliyeyachota na kuyabeba katika chombo chake amekuwa na haki nayo. Mto Mara ni wa wote. Ndoo aliyoibeba mama kichwani kutoka mtoni ni yake, na ukiichukua bila ridhaa yake umemdhulumu.

Mgunduzi wa mbegu naye amebeba ndoo. Wenzetu wanaolima pamba wanaijua mbegu ya UK91. Hiyo UK haina maana ya Uingereza, ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kule Mwanza. Watafiti hukaa miaka mingi wakichavusha, wakipanda, wakichagua na kutupa, mpaka wapate mmea mmoja unaofaa. Batobato na michirizi ya kahawia vilipoangamiza mihogo ya Kanda ya Ziwa, watafiti ndio waliotuletea aina zinazostahimili. Mtume (SAW) ametuamuru tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hili nalo ni jasho. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilitamka kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivunja.

Tena kijana huyu ana kosa la pili, kubwa zaidi. Mahindi chotara ukipanda mavuno yake, nguvu yake hupungua na mimea hutoka mchanganyiko. Kwa hiyo anayeyafungasha na kuyauza kama mbegu chotara amemdhulumu mgunduzi, na amemdanganya mkulima pia. Mtume (SAW) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kuna unyevu uliofichwa, akatangaza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilinunua mbegu dukani, pakiti nzuri, rangi nzuri. Ziliota chache, na zilizoota zikazaa magunzi. Mvua ya vuli haikurudi kunisubiri ninunue nyingine. Anayeuza mbegu bandia ameiba chakula cha watoto kabla hakijaota.

Sasa narudi kwa bibi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Muislamu akipanda, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Ikiwa ndege anayedonoa shambani anakuandikia sadaka, itakuwaje jirani uliyempa mbegu, akalima, akalisha familia, na mwakani akampa mwingine?

Tena tusisahau kwamba watafiti hawakuanza na ghala tupu. Walianza na mbegu za wakulima, walizochagua akina bibi huyu, suke kwa suke. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za mimea kwa chakula na kilimo, ambao Tanzania ni mwanachama, unautambua mchango huo. Aliyejenga ghorofa ya pili asimfukuze aliyejenga msingi.

Hapa ndipo nina neno kwa watunga sheria wetu, na hii ni rai yangu. Kwa mbegu iliyoandikishwa, sheria inamwachia mkulima nafasi ya kupanda tena mavuno yake katika shamba lake mwenyewe, kwa mazao yatakayotajwa na ndani ya mipaka. Mboga na matunda hayamo. Bakuli la jirani halikutajwa wazi, na penye giza ndipo watu wanapotishwa. Ng'ambo ya Sirari, Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitengua vifungu vya sheria yao ya mbegu vilivyowabana wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu, baada ya wakulima wenyewe kwenda mahakamani. Sisi tusingoje kufika huko. Bunge liandike kwa Kiswahili chepesi kwamba mkulima mdogo kumpa au kubadilishana na jirani mbegu ya kupanda si kosa, na kwamba kosa ni kuifanyia biashara mbegu ya mtu bila ruhusa.

Wapo watakaosema, tukigawiana hivyo mgunduzi atakula nini? Nasema bakuli halijawahi kumfilisi mtu. Anayemfilisi ni mwenye magunia na pakiti za kughushi, na huyo ndiye wa kukamatwa.

Basi ndugu zangu, mbegu zenu za asili zihifadhini na mgawiane bila hofu. Mkinunua mbegu ya dukani, dai risiti, tazama lebo ya TOSCI, kwangua namba ya siri na uihakiki kwa simu. Na wewe unayefungasha mahindi ya kawaida kwa jina la mwingine, rudisha fedha za watu kabla ya siku ambayo kurudisha hakutawezekana.

Ewe Mola, zibariki mbegu zetu, utupe mvua yenye kheri, na utuepushe kula jasho la wenzetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako mkulima, huenda naye ametishwa.