CRB Si Kamiti, Wasee

Juzi nikiwa kwa mat ya Rongai, msichana aliyekaa nyuma yangu alikuwa anapigia beshte yake stori kwa simu. Akasema, "Huyo nishamweka CRB, hata akipiga sishiki." Siti zote za karibu zikaangua kicheko, makanga pia. Na hakuna aliyeuliza CRB ni nini. Sote tulielewa: jamaa amefungiwa, hakopeshwi mapenzi tena.

Nilicheka pia, lakini iliniuma kidogo. Mimi nimewahi kuwa kwa ile CRB ya ukweli.

Wacha tuanze na herufi zenyewe. CRB ni Credit Reference Bureau. Kwa Kiswahili cha nyumbani, ni kampuni inayoweka kumbukumbu za mikopo: nani alikopa, pesa ngapi, na alilipa lini. Hapa Kenya kuna tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hazikopeshi mtu na hazimnyimi mtu mkopo. Benki uliyokopa inapeleka habari zako huko, unayetaka kukopa kwake anaziuliza, halafu yeye ndiye anaamua.

Hapo ndipo mtaa umekosea. Sisi tunasema "niko CRB" vile mtu anasema "niko Kamiti". Kumbe ukishawahi kukopa benki, hata kama ulilipa siku tatu kabla ya tarehe, uko CRB. Mama mboga anayelipa mkopo wake wa simu kila mwezi bila kukosa yuko CRB pia, na rekodi yake inamsifu. Cha kuuliza ni umeandikwaje.

Sasa stori yangu. Nikiwa mwaka wa kwanza chuo, nilikopa ngiri moja na soo mbili kwa simu. Ilikuwa ya bando na fare. Baadaye karo ikanishinda, nikaacha masomo, hiyo mnaijua. Nikaona nianze upya kabisa: laini mpya, namba mpya. Nilidhani deni pia nimeliacha hostel. Mkopeshaji anatakiwa kukuarifu kabla ya kupeleka ripoti mbaya, na labda waliniarifu. Meseji kama ilikuja, iliingia kwa laini iliyokuwa imelala ndani ya droo.

Miaka miwili ikapita. Nikaenda sacco moja kutafuta mkopo wa kamera. Mama aliyekuwa kwa kaunta akaangalia kompyuta, akaniangalia, akasema polepole, "Kijana wangu, hapa CRB kuna kitu." Masikio yakaziba. Sikuuliza ni deni gani, la nani, wala la pesa ngapi. Nilisema tu "asante mum" nikatoka. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshahukumiwa, na aliyehukumiwa haulizi maswali.

Usiku huo nikapata jamaa Telegram anayesema ana mtu wa ndani, anatoa jina kwa dakika thelathini. Nikamtumia Sh3,000. Akanibloki kwa dakika tatu.

Aliyeniokoa ni sista yangu mkubwa. Aliniuliza swali moja: "Hiyo ripoti yenyewe umeiona?" Sikuwa nimeiona. Na una haki ya kupata ripoti yako mara moja kila mwaka bila kulipa hata shilingi. Nikaiitisha. Jina langu, namba ya kitambulisho, jina la benki, na deni pamoja na riba: Sh1,940. Hiyo tu. Jini lililonifukuza miaka miwili lilikuwa dogo kuliko pesa niliyompa tapeli.

Nililipa jioni hiyo hiyo. Sitawadanganya, historia haifutiki kesho yake. Rekodi mbaya inakaa miaka 5 baada ya kulipa, na kuna watakaoniangalia kwa jicho la pembeni. Lakini "alichelewa, akalipa" na "bado anadaiwa" ni watu wawili tofauti mbele ya mkopeshaji.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Sisi vijana tumegeuza herufi tatu kuwa jini, na wakopeshaji wanapenda hivyo. Meseji ya "utapelekwa CRB" inatumwa vile zamani uliambiwa chifu anakuja na askari. Mbona meseji hiyo hiyo haikuambii unaweza kuona ripoti yako? Mbona haisemi ukipata kosa ndani yake una haki ya kulalamika lirekebishwe? Mbona haisemi kwamba 2020 Benki Kuu iliamua madeni ya chini ya Sh1,000 yasipelekwe huko? Uoga huo haukufanyi ulipe. Mimi ulinifanya nijifiche, halafu ukanipeleka kwa tapeli.

Na waajiri nao. Unatafuta kazi, unaambiwa ulete karatasi ya polisi, ya HELB, ya KRA, ya EACC, na ya CRB juu yake. Huyu kijana hana kazi, ndiyo maana hana pesa, ndiyo maana hajalipa. Unamwambia atoke shimoni kwanza ndipo umpe ngazi.

Najua kuna mtu atasema natetea wasiolipa. Hapana. Dawa ya deni ni kulipa, hiyo nyanya yako alikuambia kabla CRB haijazaliwa. Pesa niliyokopa ilikuwa ya watu, na kosa la kubadilisha laini nikidhani nimetoroka ni langu. Ninachosema ni kwamba huwezi kulipa deni unaloogopa hata kuliangalia.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujahitaji mkopo, kabla hujaitwa kazi, itisha ripoti yako. Isome mstari kwa mstari. Kama kuna deni, jua ni la nani na ni ngapi. Kama si lako, lalamika. Na mtu yeyote akikuambia anatoa jina kwa pesa, mbloki kabla hajakubloki.

Na wewe dada wa mat ya Rongai, kama umeamua kumweka jamaa CRB, fanya kazi vizuri. Andika alichelewa mara ngapi, mwonyeshe ripoti, halafu umwachie nafasi ya kulipa.